Nilivyoiba Nibu ya Mashoto

Wale mlionitumia pole kwa yale ya wiki iliyopita, kaeni karibu nazo. Mkimaliza kusoma ya leo mtazitaka zirudi.

Kwa aliyechelewa kujiunga: mimi ni karani mstaafu. Miaka thelathini na mmoja niliandika vyeti vya kuzaliwa na vya vifo, kwa mkono, na sikuwahi kumkosea marehemu hata herufi moja. Waliozaliwa niliwakosea kidogo, lakini hao walikuwa na muda wa kujitetea. Siku ya kustaafu nilipewa saa ya ukutani, na mwezi uleule nikapata maradhi ya kukusanya kalamu za wino za Kijapani. Saa ilishakufa. Maradhi yapo, na sasa zimefika kalamu kumi na saba.

Wiki iliyopita niliwaacha pale mkwe wangu, mume wa binti yangu mkubwa, alipokaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa, akaichukua kalamu yangu nyeusi, malkia wa zote kumi na saba, akaivua kifuniko na kuitia sikioni. Akawa anachokoa. Macho kayafumba kwa raha, kama paka anayekunwa shingo.

Nilipiga ukelele. Akashtuka. Kalamu ikamponyoka, ikatua kwa nibu, ikasimama wima sakafuni kama mkuki. Sakafu yangu ni ya saruji, lakini ilisimama. Mke wangu husema natia chumvi. Chumvi ni ya mboga, mimi nasema nilichokiona.

Nikaiinua. Nibu ilikuwa imepinda kama mdomo wa mtu aliyelamba ndimu. Na ndani ya kile kipasuo chembamba katikati ya nibu, njia ambayo Mjapani aliikata kwa ajili ya wino peke yake, palikuwa na nta ya sikio la mkwe wangu. Ya njano. Bado laini.

"Mzee, nilikuwa naijaribu tu," akasema.

Mezani palikuwa na kikombe changu cha chai. Nikakitazama kile kikombe, nikaitazama nibu, nikakisukuma kikombe mbali. Mpaka leo chai ya rangi ile siinywi.

Hapo ndipo mlipotuma pole. Sasa sikilizeni.

Lazima kwanza mjue nililia nini. Mjapani huandika herufi ambayo peke yake inaweza kuwa na mistari kumi na mitano, ndani ya kijisanduku kidogo kuliko ukucha wa mtoto. Kwa hiyo nibu zake ni nyembamba kuliko za wengine. Anayoiita ya kati, kwingine ingeitwa nyembamba, na anayoiita nyembamba, kwingine wangeipeleka kwa mshona nguo. Hii yangu ilikuwa nyembamba na tena laini. Ukiikandamiza, miguu yake miwili inafunguka na mstari unanenepa. Ukiiachia, mstari unakonda. Siku moja niliandika majina ya wajukuu zangu wote sita juu ya punje moja ya ufuta, na nafasi ikabaki ya mjukuu wa saba. Mke wangu alikuwepo. Anakana, lakini alikuwepo.

Niliiosha maji saba. Nikainyoosha kwa kucha, huku kioo cha kukuzia nimekikaza jichoni, kwa siku mbili. Ikanyooka. Ungeitazama usingejua kuwa iliwahi kuanguka. Lakini nilipoandika, ule ulaini ulikuwa umekufa. Ilikuwa imelegea kama mpira wa soksi kuukuu.

Na kalamu ile haitengenezwi tena. Duniani nilikuwa namjua pacha wake mmoja tu. Zilitoka kwenye boksi moja, la mpima ardhi aliyehama na kuuza vitu vyake. Moja nikachukua mimi, moja akachukua rafiki yangu Fundi Saa.

Mshaanza kuona tunakoelekea. Msinitangulie.

Sisi tuko wanne, na tunajiita Baraza la Nibu. Kila Jumamosi asubuhi tunakutana katika chumba cha nyuma cha karakana ya Fundi Saa, ambako saa arobaini hupiga mdomo kwa pamoja na hakuna mbili zinazokubaliana. Kila mtu anakuja na kalamu ameivika karatasi, mwili wote usionekane, ibaki nibu peke yake. Mwili wa kalamu ni kama suti ya bwana harusi, unadanganya. Kisha wote tunaandika sentensi moja ileile, tunabadilishana karatasi, na tunahukumu.

Anayetoa alama ni Mwalimu Mkuu, mama aliyeongoza shule miaka ishirini na hajawahi kumpa mtu kumi. Anasahihisha kwa wino mwekundu. Aliwahi kunipa mbili na kuniandikia pembeni, "Ongeza bidii." Nina miaka sitini na minane.

Wa tatu ni Daktari wa Meno, naye mstaafu, na huyu ndiye mzigo wangu. Nibu mpya huja na mafuta kidogo ya kiwandani, wino hukataa kuishika. Watu wa kale waliilamba. Sisi wa leo tuna maji na sabuni. Daktari analamba. Mtu aliyechungulia vinywa vya watu miaka arobaini, anayejua kilichomo, anautoa ulimi wake, anaipangusa nibu huku na huku, halafu anakunyooshea: "Hebu jaribu, Karani, imeshalainika." Mimi huishika kwa leso. Siku nyingine nimesingizia kuumwa kifundo cha mkono ili nisiishike kabisa.

Wa nne ni Fundi Saa mwenyewe. Mpole, mwembamba, mashoto. Kumbukeni hilo: huandika kwa mkono wa kushoto, na hufungua saa kwa mkono huohuo. Mimi sikulikumbuka, na ndiyo maana nipo hapa naaibika mbele ya nchi nzima.

Jumamosi ile nilifika wa kwanza. Mwalimu na Daktari walikuwa hawajaja. Kalamu ya Fundi ilikuwa mezani, imevuliwa kifuniko, inapunga hewa. Yangu nilikuwa nayo mfukoni. Tukasalimiana, akaniuliza hali ya mkwe, nikamwambia mkwe ni mzima kwa bahati mbaya. Akacheka. Mara mteja akaita kule mbele. Amebeba saa kubwa ya ukutani, anataka ashikwe mkono. Fundi akatoka.

Kuchomoa nibu ya kalamu ile hakuhitaji ufundi. Unaishika kwa kipande cha mpira wa baiskeli, unavuta, inatoka. Kuirudisha ni hivyohivyo. Kipande cha mpira nilikuwa nacho. Nilijiambia nimekibeba kwa bahati tu. Mtu habebi kipande cha mpira wa baiskeli kwenda kwa rafiki yake kwa bahati.

Nikahesabu moja hadi kumi. Nilipofika saba, nibu yake ilikuwa kwenye kalamu yangu. Nilipofika kumi, yangu iliyokufa ilikuwa kwenye yake.

Fundi aliporudi aliniomba radhi kwa kuniacha peke yangu.

Siku hiyo nilisingizia kifundo, sikuandika. Fundi aliandika. Mstari wake ulitoka na mikwaruzo, wino ukirukaruka kama kuku juu ya majivu ya moto. Mwalimu akampa nne. Wote tukashangaa, kwa sababu Fundi hakuwahi kushuka chini ya nane. Yeye akatabasamu, akasema labda ameulalia mkono vibaya. Nami nikacheka pamoja nao. Kicheko kile nakisikia hadi sasa, na nikikisikia natamani kutema.

Nilikwenda nyumbani mbiombio kama mwizi, ambaye ndiye niliyekuwa. Nikajifungia chumbani. Nikaweka karatasi nzuri, nikashusha pumzi, nikaandika.

Ikakwaruza.

Nikabadilisha karatasi. Ikakwaruza. Nikabadilisha wino. Ikakwaruza zaidi, mpaka mke wangu akauliza kutoka jikoni kama kuna kuku amejifungia humo anapekua.

Nikaitia kioo. Nibu nzima, imenyooka, haina doa. Nilikaa nikiitazama kama robo saa ndipo akili iliponijia, na ilikuja taratibu kama mgeni asiyetaka kugonga. Mashoto. Miaka yote ile Fundi ameandika kwa kushoto. Nibu huisha kidogokidogo kwa kufuata mkono wa mwenyewe, kama soli ya kiatu inavyolika upande mmoja. Nibu hii ilikuwa imelikia kushoto. Kwenye mkono wake ilikuwa siagi. Kwenye mkono wangu ilikuwa msumari.

Na yangu kwenye mkono wake vilevile.

Mtu mwenye haya angeamka hapohapo akairudisha. Mimi nilitafuta msasa.

Nilijiambia nitaisaga kidogo, upande wa kulia, ikubali mkono wangu. Kidogo tu. Kusaga nibu ni kama kunyoa nyusi: ukipunguza upande mmoja, lazima usawazishe wa pili, ukisawazisha wa pili, wa kwanza unaonekana mnene. Nilisaga tangu saa nane mchana. Nikajaribu, nikasaga. Wino ulipokataa kutoka, bila kufikiri nikaiweka nibu mdomoni, nikailamba.

Ndiyo. Mimi. Ulimi wangu huu.

Ulionja wino, madini, na kitu kingine ambacho nilijua ni cha miaka ya jasho la vidole vya rafiki yangu. Nikakumbuka Daktari. Nikakumbuka mkwe wangu na sikio lake. Niliwadharau wote wawili, na sasa nilikuwa nimewapita.

Mwisho wa nibu huwa kuna kipunje cha madini magumu, kidogo kuliko chembe ya chumvi. Hicho ndicho kinachoandika. Kikiisha, umebaki na kipande cha dhahabu kisicho na kazi hata ya kuchokolea sikio. Saa kumi na moja jioni nilitazama kwa kioo. Kilikuwa kimeisha.

Kwa hiyo nibu ya Fundi sikuwa nayo, na ya kumrudishia sikuwa nayo.

Alhamisi Mwalimu akanipigia simu. Karakana ya Fundi imefungwa tangu juzi, akasema, na yeye hapokei. Akaniambia niende mimi, kwa kuwa mimi ndiye rafiki wa karibu. Alilitamka neno hilo bila ubaya wowote.

Nilikwenda. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Ndani, saa zote zilikuwa kimya. Saa arobaini, zote kimya. Alikuwa amezisimamisha moja moja, na za mkononi alikuwa amezitia kwenye bahasha, kila bahasha na jina la mwenyewe, tayari kurudishwa bila kutengenezwa.

"Karani, ingia," akasema. "Usikalie hicho kiti, nimeshampa mtu."

Nikamuuliza kulikoni. Akavuta mtoto wa meza, akatoa madaftari. Moja, mbili, kumi na moja. Akanifungulia. Kila ukurasa ulijaa mistari, na kila mstari ulikuwa sentensi ileile, na pembeni tarehe.

Kumbe kila asubuhi, kabla hajagusa saa ya mtu, Fundi huandika mstari mmoja kwa kalamu ile. Miaka ishirini na miwili, kwanza na kalamu nyingine, kisha na hiyo ya Kijapani. Mstari ukitoka safi, anafungua saa za mkononi. Ukitoka na kasoro, anaziacha, anashika za ukutani, ambazo hata mlevi anaweza. Ndani ya saa ya mkononi kuna kisipringi chembamba kama unywele, ukikigusa vibaya mara moja umeiua. Hajawahi kuiua hata moja, na sababu yake ilikuwa madaftari yale.

Akanifungulia la mwisho. Jumapili, mikwaruzo. Jumatatu, mikwaruzo. Jumanne aliandika mara tisa.

"Nimeitazama nibu kwa kioo," akasema. "Nilitamani iwe na kosa. Nimeitafutia kosa mpaka jicho limeniuma. Haina. Ni nzima."

Niliinyoosha vizuri, mnakumbuka. Kucha zangu hizi.

"Basi kama kalamu ni nzima," akasema, "kilichobaki ni mimi."

Akaniambia yote kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma orodha. Jumatatu anakabidhi funguo. Chumba anakichukua muuza vifungo. Vifaa atavigawa. Binti yake amesema aende akakae kwake, kuna kitanda katika chumba cha cherehani. Ataweza kumsaidia kutia uzi kwenye sindano, akasema, halafu akautazama mkono wake na kusema labda hata hilo hapana.

Ilikuwa nafasi yangu. Mlango wazi, watu wawili, hakuna wa kusikia. Maneno matano tu yangetosha.

Mnajua nilimwambia nini?

Nilimwambia, "Ni umri, ndugu yangu. Tushukuru hapa tulipofika."

Nikampigapiga begani.

Nilipotoka nilisimama nyuma ya ukuta wa karakana nikatapika. Nilidhani nitatapika wino, maana ladha yake haikuwa imenitoka mdomoni tangu Jumamosi. Yalikuwa maji matupu.

Mke wangu aliona sili. Mwanamke niliyeishi naye miaka arobaini na mbili haulizi mara mbili. Aliondoa sahani, akakaa mbele yangu, akakunja mikono. Nikamwambia. Nilianzia kwa mkwe, akaniambia niache ya mkwe. Nikamwambia ya kipande cha mpira, ya msasa, ya madaftari, ya bega.

Akanyoosha kitambaa cha meza.

"Rudisha," akasema.

"Haipo. Nimeisaga ikaisha."

"Basi peleka mdomo. Huo hujausaga."

Nikajaribu kumweleza kuwa jambo hilo si jepesi, kwamba Baraza litavunjika, kwamba Mwalimu ataniangalia kama kijana aliyekamatwa na majibu ya mtihani. Akaniuliza kama tangu tuoane nimewahi kumwona akila chakula na mwizi. Nikasema sijawahi. Akasema kuanzia kesho atakula jikoni. Na akala jikoni, Ijumaa nzima, kwa kelele, ili nisikie vijiko.

Jumamosi tukakutana. Fundi alikuwa ameomba Baraza likae mara ya mwisho. Meza peke yake ndiyo ilikuwa imebaki, na viti vinne. Vingine vyote vilishaondoka. Kalamu yake alikuwa ameiweka katikati, ndani ya boksi lake, na akatangaza kwamba anaitoa zawadi. Kwangu mimi. Kwa sababu ni pacha wa yangu, na kwa sababu mkono wangu bado uko imara.

Daktari alikuwa na nibu mdomoni. Akaitoa, akapenga, akasema huo ndio urafiki.

Hapo nikasema.

Sikusema vizuri. Nilianzia katikati, nikarudi mwanzo, nikataja msasa kabla ya kutaja wizi, mpaka Mwalimu akaniambia nisimame na niseme kwa utaratibu. Nikasimama. Nikasema nibu iliyo ndani ya boksi lile ni yangu, iliyoanguka, iliyochokolewa sikio, nikainyoosha nikaibandika kwenye kalamu ya Fundi Jumamosi iliyopita, alipokwenda kwa mteja. Nikasema imelikia kulia na ndiyo maana inamkwaruza. Nikasema yake nimeiharibu. Kisha nikatoa ile yake kwenye leso, nikaiweka mezani, kipande cha dhahabu kisicho na ncha.

Hakuna aliyesogea. Daktari alikuwa na tone la wino kwenye mdomo wa chini, likashuka mpaka kidevuni, asilifute.

Nilimsubiri Fundi anitukane. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimeyaandaa mashavu yote mawili.

Fundi aliuliza swali moja. "Ulibadilisha kabla sijaandika? Siku ile niliyopewa nne?"

"Kabla."

"Na kabla ya Jumapili. Kabla ya yote."

"Kabla ya yote, ndugu yangu."

Akainuka. Akaenda mpaka dirishani, akarudi. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amekula.

"Kwa hiyo si mimi," akasema. Akamgeukia Mwalimu. "Si mimi." Akamgeukia Daktari, akamshika bega, akamwambia naye kuwa si yeye. Halafu akanijia mimi, mwizi wake, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanikumbatia. Aliniambia Mungu anibariki kwa kusema. Nilihisi mbavu zake nyembamba zikicheka juu ya kifua changu, na nikaona kwamba kama mtu huyo angeniua, angekuwa amenipunguzia mzigo.

Akataka kalamu. Yoyote, akasema, mradi isiwe ya Karani, na hapo akacheka tena. Alitaka kuandika mstari wake pale pale, mbele yetu, kisha aende kwa muuza vifungo kumwambia atafute chumba kingine.

Daktari akamnyooshea yake, mate yakimeremeta. Mwalimu akaizuia. Yeye alikuwa na mpya, iliyomfikia juzi tu, ya Kijapani pia, nibu nene yenye kipunje cha duara, haijawahi kumzoea mtu. Ile, akasema, inaandika kwa mkono wowote, hata ukiishika kwa vidole vya mguu. Akaitoa mkobani mwenyewe, akaivua kifuniko, akampa.

Fundi akakaa. Akavuta karatasi. Akaandika.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Miaka thelathini na mmoja nilisimama hivyo, nikitazama watu wakitia sahihi. Nimewaona baba wapya, wajane, walevi, vikongwe. Najua mkwaruzo na najua wimbi. Mkwaruzo ni wa nibu: mstari unakatika, unaruka, unarudi. Wimbi halikatiki. Wino umejaa, mstari umekamilika, lakini unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, na hilo si la nibu.

Neno la kwanza lilitoka safi. La pili pia.

La tatu likaanza kupanda.

Labda ni furaha, nikajiambia. Mtu akifurahi hutetemeka. Akaendelea. La nne, la tano. Wimbi likakua. Mwalimu aliinamisha macho akatazama mkoba wake.

Na hapa niwaambie kitu ambacho sijamwambia hata mke wangu. Nilisikia kitu kizito kikinitoka kifuani, na nilipokitazama kuwa ni nini, kilikuwa nafuu. Nilifurahi. Mkono wa rafiki yangu ulikuwa unatetemeka mbele ya macho yangu, na ndani yangu kuna mtu mdogo, mchafu, aliyesema: unaona, hata hivyo si wewe.

Fundi akaweka kalamu chini. Akauangalia mstari wake kwa muda mrefu. Akauleta karibu, akaupeleka mbali. Ule mkono wa kushoto akaushusha taratibu, akauweka chini ya meza.

Kisha akaniangalia mimi. Alikuwa bado anatabasamu.

"Karani," akasema. "Na hii ya Mwalimu, uliichezea?"

Daktari akanitazama. Mwalimu naye akainua uso akanitazama. Kalamu ile haikuwa imewahi kutoka kwenye mkoba wake mpaka dakika ile, na yeye alijua, na mimi nilijua. Hakufungua mdomo.

"Sema tu, ndugu yangu," Fundi akasema. "Sitakasirika."